Santuri Kumi na Saba za Rosalia

Njooni karibu, wanangu, mkae mahali nitakapowaona bila kuinua shingo, maana shingo hii leo imekataa kazi. Mbwana, wewe kaa hapa ukingoni mwa kitanda. Mwanamkasi, shika daftari, uandike kama ninavyosema, usinipambie. Na Nyamvula asitoke. Najua mkaza mwana huona haya kukaa kwenye maneno ya urithi, lakini huyu ana fungu lake humu, tena ana ushahidi. Mnyonyeshe mtoto papo hapo, mwanangu, hakuna mgeni.

Mimi Mwanatabu binti Mwidani nina akili zangu timamu, nasema haya mchana kweupe, Alasiri imeshasaliwa, wala sikulazimishwa na mtu. Nitaanza na yaliyo mepesi, lakini lile zito nalitaja mapema, nisije nikaishiwa na pumzi kabla ya kulifikia. Nimekula amana ya mtu. Nilimwambia mwenyewe kwamba mali yake imeibwa, na haikuibwa, imo humu ndani, chini ya kitanda hiki. Tulieni. Nitalieleza lote, na kabla sijamaliza, wewe Mbwana utaniahidi jambo ambalo hutalipenda.

Nyumba hii na minazi ya Mtongwe itagawanywa kama dini ilivyoagiza, sina la kuongeza wala la kupunguza. Mrithi haandikiwi wosia, hilo mlifundishwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, mkiwa wadogo. Lakini Nyamvula si mrithi wangu, kwa hiyo yeye naweza kumpa, nami nampa mashine ya muziki ya marehemu baba yenu, yote kama ilivyo, na spika zake mbili, pamoja na santuri zilizo kwenye kabati la sebuleni. Usikunje uso, Mbwana. Wewe tangu utotoni ulikuwa ukiziita spika zile makabati yasiyo na milango, na mwaka ulipooa ulitaka kuweka televisheni juu yake. Mkeo ndiye aliyeiteremsha.

Mnajua Tsuma, baba yenu, alikuwa mhudumu melini, miezi tisa baharini, mitatu nyumbani. Mwaka wa themanini na moja alileta mashine hiyo, na masanduku ya spika yalikuwa yamepondeka njiani, akamwita seremala wa hapa Likoni akamtengenezea mengine ya mvule, mazito, hata wanaume wanne walioyaingiza ndani walitukana mpaka nikaziba masikio ya Mwanamkasi. Kisha akachora chaki sakafuni, spika hapa, spika hapa, kiti hapa katikati, akaniambia, "Mama Mbwana, mimi nikiwa sipo uwe unaipiga, isipoe." Akaondoka. Nami nikawa naipiga, mwanamke aliyeishia darasa la nne, mtoto mgongoni, ungo mkononi, na sikio likajifunza lenyewe.

Masika moja mvua haikatiki, nikaanika leso na nepi humu ndani, kamba kwa kamba, ukuta mpaka ukuta. Nikaweka santuri, na wallahi nilidhani mtu ameingia. Mwimbaji aliyekuwa siku zote akiimba kama yuko bafuni, siku hiyo alikuwa amekaa mbele yangu, namsikia anavyolowesha midomo kabla ya kuanza. Mvua ilipokatika nikazianua nguo, naye akarudi bafuni. Nikaelewa kwamba kosa halikuwa lake wala la spika, ni kuta zetu tupu. Ndiyo sababu leso zimetundikwa sebuleni miaka yote hii, na wageni wanadhani ni mapambo. Baba yenu aliporudi akakaa penye chaki, akasikiza upande mzima wa santuri, akavua kofia, akasema, "Nimezunguka bandari zote nikiuliza jambo hili, kumbe jawabu liko kwenye kamba ya nepi." Hakusema ahsante. Lakini safari iliyofuata aliniletea santuri niliyochaguliwa mimi, jina langu nyuma ya jalada kwa kalamu yake, na tangu hapo hakuna santuri aliyoinunua bila kufikiria sikio langu.

Hivyo ndivyo walivyoanza kuja watu wa Jumamosi, kina Justus karani wa bandarini na wenzake, watu walioshikwa na maradhi ya kutaka muziki usikike kama ulivyopigwa. Wakikaa kwenye mkeka, wakinywa kahawa yangu, na kila mmoja kabla ya kwenda dukani huniuliza, "Mama, ninunue ipi?" Mwanamkasi, hapa uandike kwa herufi za kusomeka, kwa sababu watakuja kukuuliza wewe. Majina ya Kizungu siyajui, nazijua kwa majalada.

Mtu anayetaka kujua spika zake zinasema kweli aanze na ile ya jalada la kijani lenye kiti kitupu. Ni mtu mmoja na udi wake, hakuna zaidi. Aliyeirekodi aliweka maikrofoni moja akaenda zake, akamwacha mtu apige. Utasikia ukucha ukigusa uzi kabla uzi haujalia, na katikati ya upande wa pili kuna mahali anavuta pumzi kama mtu aliyekumbuka kwao. Ikiwa mashine yako haikupi pumzi ile, usiilaumu santuri.

Ile ya magitaa, yenye picha ya mashati matatu kwenye kamba, tafuteni toleo la kwanza, lenye karatasi ya buluu katikati. La pili wamelikandamiza ili liwe na kelele za baa, na magitaa yote matatu yamekalishwa kwenye kiti kimoja. Katika lile la kwanza kila gitaa lina mahali pake, la kushoto linauliza, la kulia linajibu, na besi inatembea kama mtu mzima aliye ghorofa ya juu, humwoni lakini unajua alipo. Na ile ya piano, ya mwanamke mwenye shali, sikizeni kiti chake kinavyolia kila anaposogeza mguu. Mtu mwingine angekifuta kilio hicho. Mimi nampenda aliyekiacha.

Lakini ile taarabu ya arusi mnayoipenda wote, nami naipenda, hiyo msijaribie spika. Imerekodiwa ovyo, bibi wa watu ameimba kama amefunikwa blanketi na fidla zinamlia masikioni. Justus aliuza spika nzuri kabisa kwa ajili ya santuri hiyo, akidhani ndizo mbovu, kisha akaja hapa kunililia. Nikamwambia, "Justus, umempa mke talaka kwa kosa la mama mkwe." Alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Santuri iliyorekodiwa vizuri haihitaji kelele. Inakuonyesha kila mtu amesimama wapi, na aliye nyuma haimfichi. Na iliyo bora kuliko zote nilizopata kuzisikia si yangu.

Jalada lake ni jeupe, lina picha ya ngazi za mawe. Ni kwaya ya watu arobaini wakiimba kanisani, mwaka wa themanini na sita. Aliyeirekodi alipandisha maikrofoni mbili juu, usawa wa madirisha, akawaacha waimbe kama Jumapili yoyote. Ukiipiga kwa sauti inayostahili unaliona kanisa, unajua dari iko mbali kiasi gani, na wakinyamaza, sauti yao inabaki juu kidogo kabla haijaondoka. Na safu ya tatu, kushoto, kuna mwanamke mwenye sauti nzito anayeanza kabla ya wenzake, kitambo kidogo tu, kama mtu anayewafungulia wageni mlango. Huyo ni Rosalia.

Rosalia mke wa Musyoka, watu wa Ukambani, walipanga nyumba ya nyuma yetu miaka kumi na mmoja. Alikuwa akimfulia nguo padri mzee, na padri alipokwenda kwao alimwachia santuri kumi na sita, Rosalia akaongeza hiyo ya kwaya yao, zikawa kumi na saba. Ana santuri, hana mashine. Siku ya kwanza alisimama mlangoni na moja kwapani, akasema, "Shikamoo dada. Nimesikia kupitia ukutani kwamba mashine yako haidanganyi." Nikamwambia aingie. Hatukuwa na mengi ya kufanana, yeye mtu wa kanisa mimi mtu wa msikiti, yeye akinicheka ninavyotia nazi kila kitu, mimi nikimcheka kwa muthokoi wake wa mahindi, mkavu unaokwama kooni. Lakini santuri ikianza tulikuwa tukifika mahali fulani tunashikana mikono kwa pamoja, na hatujaambiana.

Kisha ukaja ule mwezi wa Agosti, miaka miwili sasa, watu wa bara wakafukuzwa Likoni, na yaliyotendeka mnayajua, sitayarudia mbele ya mtoto anayenyonya. Asubuhi ya pili Rosalia aliingia kwa mlango wa uani, karai kichwani, nguo mbichi juu, santuri chini yake, kila moja kwenye mfuko wa nailoni. Akaniambia, "Dada, watu wanavuka ferry wamebeba watoto, mimi nibebe santuri? Nikirudi nitazichukua. Nisiporudi ni zako." Nikamvisha buibui langu, akavuka nalo.

Alirudi, wanangu. Kosa langu lote liko hapo, kwamba alirudi.

Ilikuwa Ramadhani iliyofuata, saa nne asubuhi, nami nimefunga. Alitoka Changamwe, wanakokaa sasa, nyuma ya kanisa, akaniletea buibui langu limefuliwa na kupigwa pasi. Nikamkaribisha maji akakataa, ati hawezi kunywa mbele ya mtu aliyefunga. Akaniuliza hali ya kila mmoja wenu kwa jina. Ndipo akasema, "Na santuri zangu, dada?" Na mdomo huu, uliokuwa umefunga, ukasema, "Walizichukua." Akauliza, "Kina nani?" Nikasema, "Hawa vijana wa hapa." Akaniuliza tena, "Hata ya kwaya?" Nikamwambia, "Hata ya kwaya." Nikaanza kulia, na machozi yalikuwa ya kweli, naye akadhani nazililia santuri zake. Akanipangusa kwa pindo la leso yake, akasema, "Basi, dada, basi. Mradi wewe u mzima." Akatoa kiberiti mkobani, akakifungua, na ndani ya pamba mlikuwa na sindano mpya ya mashine. Alikumbuka yangu imechakaa. Alikuwa amezunguka maduka ya mjini mpaka akaipata, yeye asiye na mashine.

Mtaniuliza kwa nini. Nilijiambia kwamba santuri zikikaa huku, naye atarudi huku. Nilijiambia kwamba kule hana cha kuzipigia, zitakaa bure. Hayo yote nilijiambia baadaye. Kweli ni kwamba Rosalia alikuwa ameshaondoka, na sauti yake ilikuwa chini ya kitanda changu, na sikutaka kubaki bila yeye na bila sauti.

Sasa oneni nilichokipata. Santuri zile watu wa Jumamosi wanazijua moja moja, nisingeweza kuzipiga mbele yao. Nikawaambia mashine imeharibika, wasije tena. Justus alikuja na bisibisi zake mara tatu, akiniomba aitengeneze, nikamfukuza kwa maneno mabaya. Mniombee radhi kwake. Nikabaki peke yangu, nikafunga madirisha, nikaiweka ile ya kwaya kwa sindano aliyoniletea mwenyewe, nikaipunguza mpaka ikawa mnong'ono, Kadzo jirani yetu asije akaitambua. Na kwaya ile kwa mnong'ono ni kama kwaya yoyote. Kanisa halipo. Dari haipo. Safu ya kwanza unaisikia, ya pili kwa shida, ya tatu haifiki. Mwaka na nusu nimelaza sikio kwenye spika kama mkunga anayesikiza tumbo, na Rosalia sijamsikia hata siku moja.

Nipe maji, Nyamvula. Kidogo tu. Inatosha, mwanangu.

Huyu alijua. Siku moja nimeinama pale, nikaona leso inasukumwa kutoka nje, inaziba ufa wa chini ya mlango ili sauti isitoke. Sikuuliza. Wageni wakija nikimsikia akiwaambia, "Mama amepumzika." Hukunisema kwa mumeo, wala hukunisema mbele yangu, na nilipoanza kuugua uliniambia tu, "Mama, Changamwe si mbali." Nikageukia ukutani. Ulijua nimesikia, ukanifunika miguu.

Na bado lipo lililo baya zaidi. Nilisema vijana, sikutaja jina, neno likasambaa mtaani, na watu wakalitafuta jina wenyewe, wakalipata kwa mwana mkubwa wa Kadzo. Mwenye duka aliyemwajiri akamwachisha kazi. Akipita, watu wanaingiza redio zao ndani. Ni kwa neno langu. Na Kadzo, asiyejua neno lilitoka wapi, kila asubuhi ananiletea uji wa mtama, anaupuliza mwenyewe upoe kwa kuwa anajua ulimi wangu una vidonda. Naunywa, wanangu. Sijui naunywaje.

Basi haya ndiyo maagizo yangu. Kesho asubuhi, si nikishazikwa, kesho, Mbwana na Nyamvula mtavuka na santuri hizo mpaka Changamwe. Mzibebe zimesimama, msizilaze, msiziweke juani mkingojea ferry. Nimekusikia sasa hivi, Mbwana, ukimnong'oneza dada yako, "Tuseme zimepatikana, tumfichie mama aibu." Najua umesema kwa mapenzi. Lakini sitaki. Rosalia amebeba uongo wangu mmoja, msimbebeshe wa pili. Mwambieni, "Mwanatabu alikudanganya, santuri zilikuwa chini ya kitanda chake, na buibui ulilomfulia analitazama kila siku." Akikataa kuzipokea, msimshurutishe, ziacheni kwa Musyoka. Akilia, mngojeni amalize. Akikataa kunisamehe, msinitetee, mumuage kwa heshima mrudi.

Na akitaka kuja, aje. Kiti cha katikati ni chake kila Jumamosi, hilo ndilo sharti la mashine, Nyamvula, na mwenye mashine ni wewe, usikubali mtu akuondolee. Wafungulie kina Justus waje tena. Mumpigie Rosalia ile ya kwaya kwa sauti yake, madirisha wazi, na wewe usikize kushoto, safu ya tatu. Mimi sijui kama nitakuwapo. Sijui hata niombe nini, nimsikie yeye mwenyewe akigonga hodi, au... Tuyaache hayo.

Mbwana. Sasa lako. Shika mkono wangu. Siku mtakaponipeleka kusaliwa, utasimama mbele ya jeneza useme kama wasemavyo watu, mwenye kumdai marehemu aje kwangu. Usiishie hapo. Utasema hivi: mama yangu, Mwanatabu binti Mwidani, aliwekewa santuri kumi na saba na Rosalia, akasema zimeibwa, na hazikuibwa. Mwana wa Kadzo hakuchukua kitu. Mama anaomba radhi. Ndiyo, mbele ya msikiti mzima. Ndiyo, na wazee wote wakiwapo. Najua utaona haya, baba. Yule kijana ameona haya mwaka na nusu, na wala si zake.

Mwanamkasi, acha kuandika, hili si la daftari.

Sema, Mbwana, nikusikie. ... Sikusikia. Umelimeza neno la katikati. Usipaze, hakuna haja ya kupaza, sema tu lisikike. ... Hapo kwenye "hazikuibwa" umeshuka. Usishuke hapo. Vuta pumzi kwanza. ... Enhe. ... Enhe, mwanangu.

Mungu awaridhie, kama mimi nilivyowaridhia, nyote watatu, na huyo mdogo kifuani. Awape watu wa kusikiza nao. Asiwape kitu kizuri mkakosa... mkakosa wa kukaa naye. Nyamvula, fungua dirisha, joto. Ahsante.

Tena, Mbwana. Mara moja tu. Nataka niwe nimeshalizoea, siku nitakayolala mbele ya watu nikilisikia.